Foleni ya Macho Ilipopungua

Aprili 2019, idara za dharura za hospitali za England zilihudumia watu zaidi ya milioni mbili. Aprili ya mwaka uliofuata, Korona ikiwa imepamba moto, walifika watu 917,000 hivi, pungufu ya asilimia 57. Marekani nako, kati ya Machi 29 na Aprili 25, 2020, waliofika dharura walipungua kwa asilimia 42 wakilinganishwa na kipindi kama hicho mwaka uliotangulia. Hakuna aliyeamini kwamba maradhi mengine yote yalikuwa yamepoa kwa pamoja. Watu walikuwa majumbani, wakiwa na maumivu yao, wakiiogopa hospitali kuliko ugonjwa.

Madaktari wa moyo walipaza sauti mapema: mwenye maumivu ya kifua asikae nyumbani. Wa kiharusi wakafuata. Macho yalipata watetezi wachache zaidi. Jicho likiharibika halimwui mtu, na katika miezi ile kila jambo lilipimwa kwa idadi ya vifo. Ndiyo maana nataka tuyaangalie macho peke yake, kwa sababu upofu wa ghafla nao una saa zake. Ukichelewa nazo, hakuna daktari wa Nairobi, Dar es Salaam wala London atakayekurudishia ulichopoteza.

Tuwe wakweli kwanza. Si kila aliyekosekana kwenye benchi la macho alidhurika. Siku za kawaida foleni ya dharura ya macho hubeba watu wengi ambao shida yao ingeweza kusubiri: macho yanayowasha, chokea kwenye ukope, uvimbe mdogo, miwani iliyovunjika. Hao walipobaki nyumbani hawakupoteza kitu, na pengine walijiepusha na maambukizi. Tatizo ni kwamba hofu haichagui. Ilimzuia mwenye chokea, ikamzuia pia yule ambaye retina yake ilikuwa imeanza kuchanika.

Retina ni utando mwembamba uliotanda nyuma ya jicho, nao ndio unaopokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara zinazokwenda kwenye ubongo. Utando huo ukipata tundu, majimaji ya ndani ya jicho hupenya chini yake na kuubandua polepole, kama rangi inavyobanduka kwenye ukuta ulioingiwa na unyevu. Mgonjwa huona vimulimuli, kisha vidoadoa vyeusi vinavyoelea, kisha kivuli kinachoingia kutoka pembeni. Hasikii maumivu. Hapo ndipo hatari ilipo, maana mtu asiyeumwa, anayesikia kila saa redioni kwamba asitoke nje, atajiambia atakwenda wiki ijayo. Katikati ya retina kuna sehemu ndogo iitwayo makula, ambayo kwayo tunasoma maandishi na kutambua sura za watu. Mgonjwa akipasuliwa kabla makula haijabanduka, ana matumaini makubwa ya kubaki na uwezo wake wa kuona. Ikishabanduka, daktari anaweza kuirudisha mahali pake na bado mgonjwa asiweze kusoma tena kwa jicho hilo.

Mjini Philadelphia, Marekani, mabingwa wa retina walilinganisha wagonjwa wa aina hii waliowapokea katika majuma ya mwanzo ya janga na wale wa majuma hayohayo mwaka 2019. Mwaka 2019 walikuwa 111, na 55 kati yao, yaani nusu, walifika makula ikiwa bado imeshika. Mwaka 2020 walifika 82. Waliowahi walikuwa 20 tu. Waliofika ndani ya siku moja tangu dalili kuanza nao walipungua, na waliofika wakiwa na makovu ndani ya jicho, makovu yanayofanya upasuaji uwe mgumu na usiotabirika, waliongezeka. Kisha kuna ile tofauti ya watu 29. Huenda baadhi yao walitibiwa kwingine. Lakini retina haisikilizi matangazo ya serikali, na sioni sababu ya kuamini kwamba ilikuwa imeacha kuchanika.

Linaloniuma zaidi ni umri wa wahusika. Wazee ndio walioonywa kuliko wote wasitoke, kwa kuwa virusi viliwaua wao zaidi. Na wazee hao hao ndio wanaobanduka retina, wanaopatwa na presha ya jicho ya ghafla, wanaozibwa mishipa ya damu ya macho. Onyo lililowalinda mapafu liliyaacha macho yao bila mlinzi. Sisemi onyo lilikuwa kosa. Nasema lilihitaji sentensi moja zaidi: ukiona giza ghafla, toka.

Madaktari wenyewe walikuwa na hofu, na hofu yao ilikuwa na msingi. Mmoja wa watu wa kwanza kuwatahadharisha wenzake kuhusu ugonjwa mpya uliofanana na SARS alikuwa daktari wa macho, Li Wenliang wa Hospitali Kuu ya Wuhan, aliyewaandikia madaktari wenzake Desemba 30, 2019. Aliitwa na polisi akaonywa kwa kueneza uvumi. Aliporudi kazini alimhudumia mgonjwa wa glakoma ambaye hakuwa na dalili yoyote ya ugonjwa huo, akaambukizwa, na Februari 7, 2020 akafariki akiwa na umri wa miaka 33 au 34. Kila daktari wa macho duniani alijiona katika habari ile. Ile darubini yenye taa wanayotumia kuchunguza jicho inawakutanisha daktari na mgonjwa uso kwa uso, pua zao zikiwa karibu sana, dakika baada ya dakika. Kwa hiyo darubini zikafungwa ngao za plastiki, wagonjwa wakatakiwa wasizungumze wakati wa kupimwa, na Machi 18 chama cha madaktari bingwa wa macho wa Marekani kikawataka wanachama wake wasitishe kazi zote isipokuwa zile za dharura. Upasuaji wa mtoto wa jicho ulikaribia kusimama kabisa. Nao uamuzi huo, ingawa ulikuwa wa busara, ulisikika tofauti huku nje. Mgonjwa alisikia kwamba macho yamefungwa.

Kwetu Afrika Mashariki kizuizi hakikuwa hofu peke yake. Kilikuwa njia.

Nchini Kenya kafyu ilianza usiku wa Machi 27, 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Jioni hiyo ya kwanza, kwenye kivuko cha Likoni, polisi waliwapiga na kuwarushia mabomu ya machozi watu waliokuwa wakihangaika kuvuka warudi makwao kabla ya saa kufika. Mwanzoni mwa Aprili watu wakazuiwa kuingia au kutoka Nairobi, kisha Mombasa, Kilifi na Kwale, na kwa Nairobi na Mombasa hali ikabaki hivyo hadi mapema Julai. Wagonjwa wa dharura waliruhusiwa kupita. Ruhusa hiyo kwenye karatasi ni kitu kimoja. Kumsimamisha mwenye bodaboda saa mbili usiku, kumshawishi akubebe, na kumweleza askari barabarani kwamba jicho lako, ambalo kwa nje linaonekana jekundu tu, ni dharura, ni kitu kingine. Aliyevunjika mguu haombwi ushahidi. Mwenye presha ya jicho ya ghafla, inayoweza kuua mshipa wa fahamu wa jicho kwa saa chache, anaonekana kama mtu anayeumwa kichwa na kutapika.

Uganda ilikwenda mbali zaidi. Usafiri wa umma ulisimamishwa Machi 25, bodaboda zikakatazwa kubeba abiria, na siku chache baadaye magari binafsi nayo yakazuiwa. Aliyehitaji gari kwenda hospitali alitakiwa kuomba ruhusa ya mkuu wa wilaya, yule anayewakilisha rais, ambaye huko wanamwita RDC. Kwa wajawazito sharti hilo lililegezwa Aprili, baada ya kelele nyingi na za haki. Kwa macho hakukuwa na kelele. Mabasi na teksi zilirudi barabarani kuanzia Juni katika sehemu kubwa ya nchi, na bodaboda ziliruhusiwa tena kubeba watu mwishoni mwa Julai.

Ili kuelewa uzito wa miezi hiyo, lazima tujue hali ilikuwaje kabla yake. Huko Mbarara, kusini magharibi mwa Uganda, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 313 waliofika na vidonda kwenye konea, kile kioo cha mbele cha jicho, kati ya mwishoni mwa 2016 na mwanzoni mwa 2018. Huo ni ugonjwa wa wakulima: jani la mhindi linakwaruza jicho, au punje ya pumba inaingia wakati wa kupepeta, kisha vimelea, na mara nyingi fangasi, vinaanza kula konea. Nusu ya wagonjwa hao walikuwa wamekaa na kidonda siku 17 au zaidi kabla ya kufika kwa bingwa. Sita kati ya kila kumi walikuwa wametia dawa za kienyeji. Walipitia duka la dawa, wakapitia zahanati, wakarudi nyumbani, wakauza kuku au mbuzi kupata nauli, ndipo wakafika. Wengi walifika jicho likiwa limekwisha kupofuka.

Hayo yalitokea mabasi yakiwepo. Hakuna kafyu, hakuna karatasi ya kuomba, hakuna askari. Sasa ongeza yote hayo. Kidonda cha fangasi kinatibiwa kwa dawa ya matone iitwayo natamisini, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2017, na mwanzoni inatiwa karibu kila saa, mchana na usiku. Dawa hiyo haipatikani kwenye kila duka la kijijini. Mkulima aliyekwaruzwa mwezi Mei 2020 alikuwa na njia mbili: aende kwa miguu, au atie alichonacho. Na kwa kuwa msimu wa kwanza wa mvua hauahirishwi kwa amri ya rais, mashamba yalilimwa na majani yakakwaruza macho kama mwaka mwingine wowote. Ndiyo maana siwezi kufurahi ninapoonyeshwa jedwali la hospitali lenye wagonjwa wachache mwaka 2020.

Huku wagonjwa wa zamani wakipotea, janga lilizaa majeruhi wapya wa macho. Waliozoeleka, yaani mafundi wa viwandani, wacheza mpira na waliopata ajali za barabarani, walipungua. Nafasi yao ikachukuliwa na nyumba: baba anayekata mabati bila miwani ya kinga kwa kuwa fundi hawezi kuja, watoto waliokaa ndani miezi na miezi, chupa za klorini zilizowekwa mahali ambapo zamani zilikaa sabuni za unga.

Na kulikuwa na vitakasa mikono. Ufaransa ilikuwa na kumbukumbu nzuri kutoka vituo vyake vya kushughulikia sumu. Kati ya Aprili 1 na Agosti 24, 2020, katika kila watoto 100 walioingiwa na kemikali machoni, karibu kumi ilikuwa ni kitakasa mikono. Kipindi kama hicho mwaka 2019 alikuwa mmoja hivi. Katika hospitali moja ya macho mjini Paris watoto 16 walilazwa kwa sababu hiyo, wastani wa umri wao miaka mitatu na nusu, ilhali mwaka uliotangulia alilazwa mmoja. Nane kati ya hao 16 walikuwa na vidonda kwenye konea au kwenye utando unaofunika weupe wa jicho, na wawili walihitaji kupandikizwa utando maalumu ili jicho lipone.

Sababu yake ni ya kusikitisha kwa jinsi ilivyokuwa rahisi kuizuia. Mashine za kitakasa zilizowekwa milangoni mwa maduka makubwa zilikaa kwenye kimo cha mita moja hivi. Kwa mtu mzima hicho ni kimo cha kiuno na dawa inadondoka kiganjani. Kwa mtoto wa miaka mitatu au minne hicho ni kimo cha macho. Mtoto anasogeza mkono, mashine inarusha, na ile jeli yenye alkoholi zaidi ya asilimia 60 inamwingia jichoni na kung'ang'ania humo, kwa kuwa ni nzito na haitiririki kama maji. Hapa sina budi kuzisifu ndoo za maji tiririka na sabuni zilizosambaa Tanzania na Kenya mwaka ule, zile za kukanyaga kwa mguu. Zilisafisha mikono vizuri, hazikuwa na bei kubwa, na hazikumpofusha mtoto.

Mzazi ajue la kufanya, kwa sababu vitakasa bado vipo majumbani na maofisini. Kemikali yoyote ikiingia jichoni, iwe kitakasa, klorini, chokaa au maji ya betri, hatua ya kwanza ni maji safi, mengi, hapo hapo, kwa dakika 15 hadi 20 bila kukatisha, kope zikiwa zimefunguliwa hata kama mtoto analia na kupiga mateke. Baada ya hapo ndipo mkimbie hospitali. Chokaa na simenti ni mbaya kuliko tindikali nyingi, kwa kuwa vinaendelea kupenya ndani ya jicho muda mrefu baada ya kuingia. Dakika zinazotumika kutafuta gari kabla ya kuosha ndizo zinazoamua.

Huko Miami, madaktari wa macho waliandika kuhusu wagonjwa saba waliowapokea kati ya Aprili na Julai 2020 wakiwa na maumivu makali, wakilia machozi, wasioweza kuvumilia mwanga. Wote walikuwa wamekaa karibu na taa za kuulia vijidudu kwa miale ya urujuanimno, taa zilizonunuliwa kwa wingi watu wakitumaini zingewalinda na virusi. Ni ugonjwa ule ule wanaoujua mafundi wetu wa kuchomelea wanaofanya kazi bila ngao: mchana hakuna kitu, usiku macho yanakuwa kama yamejaa mchanga. Hao walipona. Nawataja kwa sababu wanaonyesha hofu inaweza kumsukuma mtu kununua hatari na kuiweka sebuleni.

Kisha ikaja India, na safari hii foleni ya macho haikupungua. Ilifurika.

Katika wimbi la pili, Aprili na Mei 2021, wagonjwa waliokwisha kupona Korona, au waliokuwa katikati ya matibabu, walianza kurudi hospitalini jicho moja likiwa limevimba, limetokeza nje, haligeuki, na ngozi ya kando ya pua ikibadilika kuwa nyeusi. Ulikuwa ugonjwa wa fangasi uitwao mukomaikosisi, ambao vyombo vya habari viliuita kuvu nyeusi. Kwa kawaida haumsumbui mtu mwenye kinga nzuri. Lakini India ina wagonjwa wengi mno wa kisukari, na dawa za steroidi, zilizookoa maisha ya waliozidiwa, zilitolewa pia kwa wasiozihitaji, kwa dozi kubwa na kwa siku nyingi, zikipandisha sukari na kulaza kinga ya mwili. Fangasi iliingia puani, ikapanda hadi kwenye tundu la jicho, na kutoka hapo ubongo hauko mbali. Madaktari wa macho wa India walipokusanya taarifa za wagonjwa 2,826, walikuta asilimia 78 walikuwa na kisukari na asilimia 87 walikuwa wamepewa steroidi. Serikali iliyataka majimbo yaripoti kila mgonjwa kuanzia Mei 2021, na kufikia mwezi Julai walikuwa wamehesabiwa zaidi ya 45,000, na waliokufa zaidi ya 4,300. Dawa yake, amfoterisini, iliadimika. Wapasuaji walilazimika kung'oa jicho la mtu anayepumua na kuzungumza ili fangasi isifike kwenye ubongo wake. Mwaka uliotangulia, wapasuaji hao hao walikuwa wameambiwa kazi yao inaweza kusubiri.

Hatua moja iliyofanikiwa nataka kuieleza, kwa kuwa tunaweza kuiiga bila kusubiri matajiri. Hospitali ya macho ya Moorfields, London, iliyoanzishwa mwaka 1805, ilifungua dharura yake kwa njia ya video katika majuma ya mwanzo ya kufungiwa ndani. Mgonjwa alimpigia daktari akiwa nyumbani, akaonyesha jicho kwa kamera ya simu, akajibu maswali, akaambiwa ama atulie, ama anunue dawa fulani, ama aje siku hiyo hiyo. Wengi hawakulazimika kufika siku ile. Faida kubwa kwangu si hao waliobaki nyumbani. Ni wale wachache walioambiwa na mtu mwenye mamlaka: njoo sasa hivi. Hofu yao ilihitaji sauti iliyo kubwa kuliko ile ya redio.

Sisi hatuhitaji hata video. Muuguzi wa macho mwenye simu ya kawaida, katika hospitali ya rufaa, namba yake ikiwa imebandikwa kwenye kila zahanati na kutangazwa na redio za jamii, anaweza kumtambua kwa mazungumzo ya dakika tatu yule anayetakiwa kusafiri leo. Na wakati wa janga, neno la muuguzi huyo liwe ndiyo ruhusa ya kupita kizuizini. Mkulima asitafute saini ya mkuu wa wilaya huku konea inatoboka.

Tulipata nafasi ya kujaribu mpango kama huo Januari 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoikumba Dar es Salaam na kusambaa, na punde pwani ya Kenya nayo ikatoa tahadhari. Safari hii mambo yaligeuka: watu walimiminika kliniki, na wengine wengi wakamiminika maduka ya dawa. Wizara ya Afya ya Tanzania ilionya watu wasitumie dawa ambazo hawakuandikiwa. Onyo hilo lilikuwa la maana sana, kwa sababu macho mekundu ya virusi kwa kawaida hupona yenyewe, lakini matone yenye steroidi yanayouzwa kiholela yanaweza kupandisha presha ya jicho, na yakitiwa kwenye kidonda cha fangasi yanakilisha kidonda hicho. Katika umati wa watu wenye macho mekundu ya kawaida, alikuwemo pia mwenye kidonda cha konea na mwenye presha ya ghafla, nao kwa mbali walifanana na wenzao wote.

Kumtenga mtu huyo hakuhitaji mashine. Mhudumu wa mlangoni aulize: unaona kama kawaida ukifumba jicho zima na kutumia hilo linaloumwa? Jicho linauma kwa ndani, au linawasha tu? Liliingiwa na kitu, au liligongwa? Akimaliza achungulie kama pana doa jeupe kwenye kioo cha jicho. Mwenye uoni uliopungua, maumivu ya ndani, jeraha au doa apelekwe mbele hapo hapo, foleni iwe ndefu kiasi gani, na kafyu iwe imeanza saa ngapi.